Maji Yaliyoshika Moto

Asubuhi ile Mama Mikate aliungua mkono akijaribu kuzima moto kwa maji. Kila aliyesimuliwa habari hiyo alidhani msimulizi ameruka mahali, akamwomba aanze upya. Hata yeye mwenyewe, ameketi kwenye benchi la zahanati, mkono umefungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, alimweleza muuguzi vivyo hivyo, na muuguzi akamkazia macho kama anayetafuta dalili za homa.

"Mafuta, mama. Ulimwagia mafuta," muuguzi alimsahihisha.

"Maji," alisema. "Ya kisima changu. Nimeyavuta kwa mikono yangu hii."

Muuguzi akaandika anachojua yeye, wala Mama Mikate hakuwa na nguvu za kubishana.

Nyumba yao ilikuwa katikati ya mteremko, mahali ambapo barabara ya vumbi inapinda kidogo kabla ya kushuka hadi kituo cha mafuta kule chini. Nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri la matofali, meza ndefu ya kukandia unga, na kisima kilichochimbwa na marehemu baba mkwe wake. Kwa kisima hicho na tanuri hilo Mama Mikate alilisha mtaa. Kabla jua halijachomoza watu walikuwa tayari langoni, wengine na kanga begani, wengine wanapiga miayo, wanangoja mkate wa moto.

Mumewe aliitwa Nati. Alikuwa fundi wa magari, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hakuna nguo yake iliyokosa nati mfukoni. Siku ya harusi ya shemeji yake zilimdondoka sakafuni akicheza muziki, na bibi harusi akateleza. Gereji yake ilikuwa karibu na kilele cha mteremko, chini kidogo ya shule. Alikuwa mtu wa watu, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na ukimwita gari limekufia njiani alikuja hata akiwa na tonge mkononi. Pale nyumbani walikuwa wanne: yeye, mkewe, binti yao aliyekuwa sekondari, na mama yake mzazi ambaye wote, hata wateja wa mikate, walimwita Bibi.

Harufu ilianza mvua zilipokolea. Mteja mmoja aliurudisha mkate, akasema kwa upole, "Mama, huu wa leo una ladha ya lori." Waliokuwepo wakacheka. Mwingine akauliza kama siku hizi mikate inapelekwa gereji kufanyiwa matengenezo. Mama Mikate alicheka nao, lakini moyoni aliumia, na jioni mumewe aliporudi alikuta ameandaliwa sabuni mlangoni.

"Usishike ndoo zangu na mikono yako ya gereji," mkewe alimwambia. "Unanifukuzia wateja."

"Nimeshika ndoo gani mimi? Hata maji ya kuoga unaniwekea wewe."

"Basi hata usizipitie karibu."

Nati akanusa ndoo, akanusa na kopo, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Miaka mingi ya kushinda kwenye petroli na grisi ilikuwa imemtia pua ya ubao, na yeye mwenyewe alikiri hivyo huku anacheka. Mambo yakaishia hapo. Mama Mikate akawa anafunika ndoo kwa sahani, anasugua mabeseni kwa jivu, na harufu inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga.

Bibi ndiye aliyeumia kwanza, ila hakuna aliyejua kwamba anaumia. Alikuwa mtu wa maji. Chai aliiita maji yaliyoharibiwa, soda hakuitaka hata kuiona. Jagi lake lilikaa kando ya kitanda, na binti wa nyumba alilijaza asubuhi na jioni. Alianza kulalamika kizunguzungu, kisha kichwa, kisha tumbo likawa halitulii na chakula. "Ni uzee unanibishia hodi," alisema. "Nipeni maji nilale." Wakampa maji.

Siku ya moto, Mama Mikate alikuwa amekwisha kukanda unga beseni zima na kuwasha jiko dogo la gesi kuchemshia maziwa. Kitambaa cha kushikia masufuria kilikuwa kimening'inia ukingoni mwa meza, na ncha yake ikashika moto. Jambo dogo, la kila siku kwa mtu wa jikoni. Alijinyoosha, akachota kopo kutoka kwenye ndoo aliyotoka kuivuta kisimani, akamwaga.

Moto ukaruka. Haukufifia wala kutoa moshi kama moto unaomwagiwa maji. Uliinuka na mlio kama shuka linalokung'utwa, ukamfuata yeye aliyemwaga, ukapanda juu ya kopo na juu ya mkono wake. Kwa sekunde kadhaa alisimama ameduwaa, anautazama mkono wake unavyowaka, kwa sababu akili ilikataa. Kisha mwili ukafanya wenyewe: akautumbukiza mkono ndani ya beseni la unga uliokandwa, hadi juu ya kiwiko, na kuukandamiza humo huku akipiga kelele.

Binti yake alitoka mbio, akaona meza inawaka na ndoo iko wazi kando, akainyakua ile ndoo.

"Usimwage!" mama yake alipiga ukelele. "Hayo maji yanawaka! Usimwage!"

Msichana alibaki amebeba ndoo hewani. Hakuelewa, ila sauti ile ilimtosha. Akaiweka mbali, akaingia ndani, akalivuta blanketi la Bibi, Bibi mwenyewe akiwa nusu ndani yake, akaja kuufunika moto.

Nati aliitwa kutoka bafuni. Alifika na povu masikioni, akamkuta mkewe amekaa chini, mkono bado uko ndani ya unga.

"Nimemwaga maji," alimwambia. "Nati, nimemwaga maji."

"Ni mshtuko huo. Tulia, mama watoto. Ulichukua kopo la mafuta ya kupikia."

"Kachote mwenyewe. Kachote uone."

Kabla ya kumkimbiza zahanati, ili tu amtulize, Nati alichota kutoka juu ya ile ndoo, akamimina kwenye sahani ya bati, akaiweka katikati ya uwanja na kuwasha kiberiti. Wateja waliokuja kununua mikate walikuwa wamejaa langoni wakiuliza kulikoni. Wote waliona. Mwali wa bluu ulikimbia juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, ukageuka wa njano, ukasimama hapo ukicheza juu ya sahani, na chini yake maji yakawa yanaonekana, meupe na matulivu. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alirudi nyuma hatua kadhaa, akamfungua mtoto, akaanza kumnusa mdomo.

"Jana nimemwogeshea haya," alisema. "Nimemnywesha haya."

Kila mmoja akakumbuka jagi la kwake. Waliondoka mbio, wala mkate haukuulizwa tena, na baada ya muda mfupi sauti zilianza kusikika nyumba baada ya nyumba, upande wa chini wa mteremko: "Na hapa pia! Njooni muone, na hapa pia!"

Mkosaji alijulikana hata kabla jua halijawa kali. Petroli inatoka wapi kama si kwenye kituo cha mafuta? Nati alirudi kutoka zahanati akiwa na sura ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Alimwacha mkewe kitandani, akatoka barabarani na spana kubwa mkononi, na watu wakamfuata.

Pale kituoni palikuwa na mfanyakazi mmoja tu, mpiga pampu wa makamo waliyemwita Taratibu kwa sababu ya jinsi alivyojaza magari, bila haraka, akiinamisha sikio kwenye tangi kama daktari. Alikuwa rafiki wa Nati. Mara ngapi walikaa pamoja juu ya matairi wakila mkate wa moto na kubishana mpira! Alipoona umati alitabasamu, akidhani gari fulani limekwama wamekuja kuomba msaada wa kusukuma.

"Mmetunywesha petroli!" Nati alimpigia kelele. "Matangi yenu yanavuja na mmenyamaza! Mke wangu ameungua, mama yangu hajiwezi! Mmewaua watoto wetu, Taratibu!"

"Nani? Mimi? Nati, ndugu yangu, matangi yanapimwa kila siku, hayapungui hata..."

Jiwe lilitoka nyuma ya watu. Halikurushwa na Nati, na aliyelirusha hakujulikana. Lilimpata Taratibu juu ya jicho la kushoto. Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, alikuwa amesimama mlangoni na chupa mkononi. Alimwona mumewe akianguka taratibu vilevile kama alivyofanya mambo yake yote, kwanza magoti, halafu mkono, halafu uso.

Hapo ndipo watu walipotawanyika.

Kituo kilifungwa siku hiyohiyo. Taratibu alishonwa, na jicho likanusurika, ingawa lilivimba likawa kama yai. Bibi alizidiwa, akalazwa hospitali. Visima vyote vya mtaa vilizungushiwa kamba, na gari la maji likaanza kuja, watu wakipanga madumu kwenye foleni na kuyanusa madumu yao kila dakika. Ikawa ugonjwa: unaona mtu mzima amesimama njiani ananusa kikombe, ananusa mikono yake, ananusa nywele za mwanawe.

Kisha akaja afisa wa maji. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya chini, na mtaa ulimwita Dada wa Maji. Alikagua matangi ya kituo pamoja na wenzake, wakayajaza hewa kwa shinikizo na kungoja. Hayakuvuja. Watu walinung'unika kwamba amepewa kitu kidogo. Nati alinung'unika kuliko wote, na Dada wa Maji akamwita.

"Fundi, wewe unaonekana unaujua mtaa huu. Nitembeze kwenye visima. Vyote, vya juu na vya chini."

Nati alikubali kwa moyo mmoja. Alitaka ukweli utoke, tena utoke mikononi mwake. Mama Mikate naye aliwafuata, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, kwa sababu alichoka kulala na kuwaza. Walianzia chini. Dada wa Maji aliteremsha chupa iliyofungwa kamba, akaivuta, akanusa, akaweka alama kwa chaki kwenye ukingo wa kisima, wakapanda hadi kingine. Kisima kilichokuwa karibu kabisa na kituo cha mafuta kilikuwa na harufu hafifu. Kilichofuata kilikuwa kikali zaidi. Cha kwao kilikuwa kikali kuliko hicho. Nyumba mbili juu yao palikuwa na kisima cha mshona viatu. Chupa ilitoka na utando wa rangirangi kama mgongo wa nzi.

"Inazidi tukipanda," Mama Mikate alisema.

"Ndiyo, mama. Maji ya chini ya ardhi yanateremka kama haya ya juu. Petroli haiwezi kupanda mlima kuja kwenu. Imetoka huko juu, ikashuka."

Nati alisimama akajipangusa jasho. "Huko juu hakuna kituo," alisema. "Huko juu kuna shule, halafu mimi."

Walikwenda kisima cha shule, kilichokuwa juu zaidi hata ya gereji. Chupa ilitoka safi, na Dada wa Maji akanywa mfuniko mmoja mbele yao. Kisha wakateremka hadi gereji.

Hakuna aliyemshuku Nati hapo, wala yeye hakujishuku. Ndiyo maana alifungua lango kwa mbwembwe, akawaomba radhi kwa vyuma vilivyozagaa, akampangusia mgeni kiti. Ardhi ya gereji ilikuwa nyeusi na ngumu, inang'aa kama imepigwa rangi ya kiatu. Dada wa Maji hakukaa. Alitazama chini, akatazama beseni pana lililokuwa na vipuri vimelowekwa.

"Hivi unaviosha kwa nini?"

"Petroli. Hakuna kinachong'oa grisi kama petroli."

"Ikishachafuka unaipeleka wapi?"

"Simwagi ovyo," Nati alijibu kwa fahari kidogo. "Wenzangu wanamwaga barabarani, mimi hapana. Kuna kisima cha zamani hapo nyuma, cha mwenye kiwanja wa kwanza. Kilikauka siku nyingi, hakina hata tone. Oili chafu, petroli ya kuoshea, vyote humo. Na hakijawahi kujaa! Hata juzi mwenye malori alijaziwa petroli kwenye matangi ya dizeli, ikabidi tuyamwage yote, mapipa na mapipa. Kikameza. Asubuhi nachungulia, pakavu..."

Alikuwa bado anatabasamu aliposikia sauti yake mwenyewe. Mama Mikate alisema baadaye kwamba aliliona tabasamu lile likibaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Nati alimgeukia mkewe. Akautazama mkono wenye bendeji.

"Kilikuwa kikavu," alisema. "Hakina maji kile. Kikavu kabisa."

Dada wa Maji alitembea hadi nyuma, akainua bati lililofunika shimo, na hakuhitaji chupa wala kamba. Mvuke ulimpiga usoni akarudi nyuma anakohoa. Mama Mikate, aliyekuwa mbali, aliisikia harufu ile na kuitambua papo hapo. Ndiyo iliyokuwa kwenye mikate yake.

Alimwendea mumewe. Alidhani atampiga, hata mkono usio na bendeji ulikuwa umeshainuka. Lakini Nati alikuwa amekaa chini kwenye ile ardhi nyeusi, miguu ameinyoosha kama mtoto, na alikuwa anasema neno moja tu tena na tena: "Mama. Nimemnywesha mama."

Mama Mikate alitoka nje ya lango, akashuka mteremko peke yake. Siku hiyo alihamia kwa dada yake pamoja na binti yao. Alimwachia ujumbe kwa jirani: asimfuate mpaka atakapoitwa.

Nati hakumfuata. Alikwenda hospitali. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso umemkauka, lakini macho yamechangamka kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa la maji.

"Mwanangu, haya ya hapa yana ladha ya dawa. Kesho niletee chupa ya yale ya nyumbani. Ya babako."

Nati alilia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso ukutani. Kisha akamweleza, hakubakisha kitu: beseni, mapipa, bati, kisima. Bibi alisikiliza bila kupepesa macho. Akayatazama maji yaliyokuwa kwenye glasi mezani, akamtazama mwanawe.

"Yaani muda wote huu," alisema polepole, "nimekuwa nakunywa gereji yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo rafiki yako aliyepasuliwa jicho?"

"Hakuwa na kosa."

Bibi alifumba macho kwa muda mrefu, Nati akadhani amelala au ni mbaya zaidi ya hapo. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ileile iliyomchapa utotoni. "Basi usinililie mimi hapa. Walio nje hawajui bado. Nenda kawaambie mwenyewe kabla yule dada hajawaambia. Na uvae shati safi."

Mkutano uliitishwa shuleni, alasiri, katika darasa kubwa. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Taratibu alikaa mbele na mkewe, kichwa kimefungwa. Mama Mikate alisimama nyuma, karibu na mlango. Alikuja kwa sababu mteja wake mmoja alimwambia kwamba siri ya maji inatolewa leo, naye hakuweza kumwambia kwamba anaijua. Dada wa Maji alipotaka kuanza, Nati alinyanyuka, akaomba atangulie.

"Jirani zangu," alisema, "maji ni mimi."

Watu walimtazama. Mmoja akacheka, akidhani ni utani wake wa kawaida.

"Ni mimi niliyeyaharibu. Si kituo. Si Taratibu. Ni oili na petroli ya gereji yangu, nimekuwa naimwaga kwenye shimo, na shimo linashukia kwenu. Nilifikiri ardhi inameza. Niliwaongoza mkamvamia mtu ambaye hajafanya lolote, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa mbele yenu na spana."

Waliokuwa mle darasani hawakukasirika. Hasira ingekuwa nafuu. Walikuwa wamejiandaa kumchukia mtu asiye na sura, mwenye kituo anayeishi mbali, na sasa walikuwa wanamtazama Nati aliyewatengenezea pikipiki na jenereta zao, aliyebeba jeneza pamoja nao, na chuki haikupata pa kushika. Yule mama aliyemnusa mtoto mdomo siku ya kwanza alianza kulia kwa sauti nyembamba.

Taratibu alisimama, mkono umeshika dawati.

"Nati. Ulisema nimewaua watoto."

"Nilisema."

"Mbele ya mke wangu."

"Mbele ya mke wako. Nisamehe, ndugu yangu."

Taratibu alimtazama kwa lile jicho moja lililo wazi. "Sijui," alisema. "Nikijua nitakuambia." Akakaa.

Kisha, kutoka madawati ya nyuma, mpiga rangi wa mtaa aliinua mkono. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi siku zote, lakini sasa sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri, ikabidi arudie.

"Samahani, dada. Na rangi je? Mimi brashi zangu... nazisafisha kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Namwaga pale nyuma, kwenye mtaro."

Dada wa Maji alikuwa anajiandaa kujibu, lakini mwanamke mwenye saluni alikuwa ameshasimama. "Dawa za nywele zinakwenda shimoni, chini ya sinki. Shimo lenyewe halina sakafu." Mtu mmoja akasema choo chake kilijaa wakati wa mvua, akakitoboa ubavuni ili kipungue. Mwingine aliyelima mboga bondeni akauliza kuhusu makopo ya dawa ya wadudu ambayo huyasuuza kijitoni, kisha hakungoja jibu, akajishika kichwa. Kila aliyesema alionekana kushtuka kusikia kinachotoka mdomoni mwake. Waliokuwa hawajasema walianza kutazama mikono yao.

Mtu wa kupigwa hakupatikana tena siku ile.

Mambo yaliyofuata yalikwenda polepole. Gereji ilifungwa kwa amri, na Nati akaajiriwa kwenye karakana ya mtu mwingine, mbali, ambako oili chafu huwekwa kwenye mapipa na kuchukuliwa na gari maalumu. Yeye ndiye aliyesimamia mapipa hayo, na inasemekana alikuwa mkali hata kwa tone. Bibi alitoka hospitali akiwa mwembamba, na kizunguzungu hakikumwacha kabisa. Madaktari walisema wangojee. Kituo kilifunguliwa. Taratibu alirudi kwenye pampu yake, akawasalimu wote kwa adabu, ila juu ya matairi hakukaa tena na mtu. Mama Mikate alioka kwa dada yake mpaka ngozi ya mkono ikafunga, nyekundu na yenye makunyanzi, halafu akarudi nyumbani. Hakurudi kwa sababu ameshasamehe. Alirudi kwa sababu Bibi alihitaji mtu, na kwa sababu mumewe alimwomba kwa kunyamaza, akiwa amekaa mlangoni kwa dada yake kila alipotoka kazini, bila kugonga, mpaka jirani wakaanza kumpa kiti.

"Nikiwa na la kusema nitasema," alimwambia walipokuwa wanarudi. "Usinichekeshe."

"Sitakuchekesha."

Siku moja aliamua kupanda juu akaone. Vibarua walikuwa wameshafyonza kilichokuwamo kwenye kile kisima, na sasa walikuwa wanachimba udongo wenyewe uondolewe, wakiufuata mpaka wafike penye udongo safi. Dada wa Maji alikuwa ameeleza kwamba bila hivyo kila mvua itaendelea kukamua. Mama Mikate alidhani ataona shimo. Alikuta nusu ya gereji haipo. Mahali ambapo mumewe alizoea kulaza magari palikuwa na bonde lenye ngazi, na mwanamume mmoja chini kabisa, kofia yake tu ndiyo inaonekana. Kuta zake zilikuwa nyeusi kutoka juu mpaka alipoishia kuona.

Nati alikuwa amesimama ukingoni, upande wa pili. Hakuwa amemwona. Alikuwa anatazama chini.

Mama Mikate aliinama, akamwita yule mchimbaji.

"Kaka! Mmeshafika?"

Mchimbaji alisimamisha sururu. Aliokota bonge la udongo miguuni pake, akalipasua kwa vidole, akalinusa.

"Bado, mama," alisema kutoka kule chini. "Bado kabisa."

Akaendelea kuchimba.